Simu ya Linux Isiyosikia: Namna ya Kuifungulia Maikrofoni



Mwenzetu mmoja mwenye kijana wake huko Mwanza ametuletea swali, nasi tumeona jibu lake litawafaa wengi. Kijana huyo anatumia simu ya Linux. Anataka kunasa maneno ya wazee wa pamba wa kando ya Ziwa Victoria ili tupate kuyasikiliza huku kisiwani. Lakini akibonyeza kitufe cha kunasa, mara nyingine programu humwambia kwamba haina ruhusa ya kutumia maikrofoni. Na mara nyingine haisemi neno: saa huhesabu dakika kama kawaida, na mwisho akisikiliza hakuna kitu ila kimya. Anauliza, je, simu imekufa, au yataka nini?

Jibu kwa ufupi ni kwamba, kwa kadiri kubwa, simu haikufa bali imefungwa. Kati ya kinywa cha mwenye kusema na faili linalohifadhiwa mna milango minne. Mmoja wao ukiwa umefungwa, hapana sauti itakayopita. Kazi yetu ni kuutafuta mlango uliofungwa na kuufungua huo tu, wala si kuibomoa nyumba nzima.

KWA NINI JAMBO HILI LINA HARAKA

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa ni wenzetu kwa mengi. Vyama vyao vya ushirika vilianza katika malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi, na mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa malalamiko ya namna hiyo. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana vikawa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza, na Bwana Paul Bomani ndiye aliyejulikana sana katika uongozi wake. Mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha.

Hayo yameandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni namna mambo yalivyokwenda siku kwa siku: nani alisimama kwenye mizani, mkulima alijuaje kwamba ameibiwa, na watu walikubaliana vipi kungoja malipo ya pili. Hayo wanayo wazee vichwani mwao. Basi hesabu mwenyewe: aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1955 alizaliwa mwaka 1937. Mzee wa namna hiyo hukupa saa moja ya maneno mazuri, na huenda asikupe saa ya pili. Ukirudi nyumbani na saa nzima ya kimya, umepoteza kitu ambacho hakinunuliki.

Yafaa tukumbuke pia kwamba zamani kazi hii ilitaka gharama kubwa. Bwana Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo na ngoma, za Wasukuma zikiwamo, alihitaji gari na mitambo mizito. Kazi yake imehifadhiwa katika International Library of African Music, maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo ipo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Leo mtambo huo umo mfukoni mwa kijana. Ubaya wake ni kwamba mtambo wa mfukoni unaweza kufungwa bila mwenyewe kujua.

SIMU YA LINUX NI SIMU GANI?

Linux ni kiini cha mfumo wa kompyuta, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Hata simu za Android hutumia kiini hicho. Lakini watu wakisema "simu ya Linux" hukusudia simu inayoendeshwa kwa mfumo mzima wa Linux, kama ule wa kompyuta ya mezani. Mfano ni PinePhone ya kampuni ya Pine64 na Librem 5 ya kampuni ya Purism. Kuna pia simu kuukuu za Android zilizoondolewa mfumo wa kwanza zikawekewa Ubuntu Touch, Mobian au postmarketOS. Hii postmarketOS ilianza mwaka 2017, na shabaha yake ni simu kutumika miaka kumi badala ya kutupwa pale mtengenezaji anapoacha kuiletea masahihisho.

Faida yake ni kwamba simu ni yako kwelikweli. Taabu yake ni kwamba matengenezo pia ni yako. Na kabla ya kuanza matengenezo, soma maelezo ya aina ya simu yako katika kurasa za mfumo uliouweka. Zipo simu kuukuu ambazo maikrofoni yake haijapata kufanya kazi chini ya mfumo mpya, na hizo hazitengenezwi kwa ruhusa.

SAUTI INAPITA WAPI

Sisi tunajua kwamba karafuu haitoki mtini ikaingia ghalani kwa hatua moja. Huchumwa, huchambuliwa vikonyo, huanikwa juu ya majamvi, hutiwa guniani, kisha hupelekwa kituoni kupimwa. Gunia lisipofika kituoni, mtu mwenye akili haendi kuvunja mlango wa kituo. Huanza mtini: je, karafuu zilichumwa? Zilianikwa? Nani alichukua gunia?

Sauti nayo ina safari kama hiyo. Kwanza huingia katika chombo chenyewe cha maikrofoni. Pili, kiini cha Linux hukipokea chombo hicho na kuamua ni mtumiaji gani aruhusiwe kukigusa. Tatu, yuko mtumishi wa sauti, ambaye siku hizi mara nyingi ni programu iitwayo PipeWire, na katika simu nyingine PulseAudio. Huyo ndiye agawaye sauti kwa programu zote. Nne, ni programu ya kunasia yenyewe, ambayo yaweza kuwa imezuiliwa peke yake.

Twende kwa utaratibu huo, tukianza chini. Anayeanza juu hubadilisha mambo kumi, na simu ikisikia hajui lililoiponya.

MLANGO WA KWANZA: SWICHI NA TUNDU

Mlango huu haufunguki kwa amri yoyote ya maandishi. PinePhone ina swichi ndogo 6 chini ya kifuniko cha nyuma. Ya kwanza ni ya mtandao wa simu, ya pili ya Wi-Fi na Bluetooth, ya tatu ya maikrofoni, ya nne ya kamera ya nyuma, ya tano ya kamera ya mbele, na ya sita ya tundu la visikizio. Swichi ya tatu ikiwa imezimwa, unaweza kuandika amri hadi jioni na simu isisikie. Zima simu, fungua kifuniko, tazama swichi hiyo, iwashe kwa ncha ya kitu kisicho cha chuma, kisha urudishe kifuniko.

Librem 5 ina swichi 3 ubavuni, na moja kati yake hukata kamera na maikrofoni kwa pamoja. Hiyo ni rahisi kuguswa mfukoni bila kukusudia.

Swichi hizi hazikuwekwa kwa makosa. Zimewekwa ili mwenye simu awe na hakika kwamba hakuna anayemsikiliza kwa siri. Kwa hiyo, ukimaliza kunasa na ukipenda kuizima tena, ni haki yako. Ila kumbuka kuiwasha safari nyingine.

Tazama pia tundu la maikrofoni, ambalo kwa kawaida lipo chini ya simu. Kava la mpira lisilo la simu hiyo huweza kuliziba, na vumbi vilevile. Lisafishe kwa brashi laini na kavu, wala usilichokonoe kwa sindano. Mwisho, chomoa visikizio. Visikizio vikiwa vimechomekwa, simu huenda ikatafuta sauti kwenye waya wao badala ya maikrofoni yake yenyewe.

MLANGO WA PILI: KIINI NA KUNDI LA SAUTI

Sasa fungua dirisha la kuandikia amri, liitwalo terminali, uandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

cat /proc/asound/cards
arecord -l

Alama ya mwisho katika amri ya pili ni herufi l kama ya "lala", si tarakimu 1. Simu ikisema haiijui arecord, weka kwanza kifurushi kiitwacho alsa-utils.

Amri ya kwanza humwonyesha kila mtu kadi za sauti ambazo kiini kimezitambua, wala haihitaji ruhusa. Amri ya pili hujaribu kuzigusa kadi hizo, kwa hiyo yahitaji ruhusa. Basi linganisha majibu:

1. Amri zote mbili zikionyesha kadi, mlango wa pili uko wazi. Nenda wa tatu.

2. Zote mbili zikisema hakuna kadi, hilo si jambo la ruhusa. Kiini hakikitambui chombo. Sahihisha mfumo wako kwa toleo jipya, au uliza kwa wale wanaotunza mfumo wa simu ya aina yako.

3. Ya kwanza ikionyesha kadi, na ya pili ikijibu no soundcards found, yaani hakuna kadi iliyoonekana, hapo ndipo penye kosa la ruhusa. Kadi ipo, lakini wewe umezuiliwa kuigusa.

Ukipata jibu la tatu, jiulize kwanza: je, niliandika amri kwenye simu yenyewe, au niliingia katika simu kwa njia ya mtandao nikiwa kwenye kompyuta? Katika mifumo mingi, Linux humpa ruhusa ya sauti mtu aliyekaa mbele ya kioo cha simu, na humnyima aingiaye kwa mbali. Wengi wamehangaika kwa jambo hili: wamejaribu kutoka kwenye kompyuta, wamekataliwa, wakadhani simu ni mbovu, kumbe mkononi inafanya kazi vizuri. Rudia jaribio kwenye simu yenyewe.

Ikiwa hata kwenye simu yenyewe umekataliwa, tazama kama jina lako limo katika kundi liitwalo audio:

groups

Ikiwa neno audio halimo katika jibu, jiandikishe. Kwa Mobian amri ni:

sudo usermod -aG audio $USER

Kwa postmarketOS, ambayo imejengwa juu ya Alpine, amri ni:

sudo addgroup $USER audio

Angalia sana ile herufi ndogo a katika amri ya Mobian. Maana yake ni "ongeza". Ukiisahau, utaingizwa katika kundi la audio na kutolewa katika makundi mengine yote, pamoja na lile linalokupa uwezo wa kutengeneza simu yako. Baada ya amri hiyo, zima simu na uiwashe tena, kwa kuwa uandikishaji mpya hauanzi mpaka uingie upya.

Amri hii ni kama kumpa mtu ufunguo wa kudumu wa ghala. Kutoka siku hiyo, programu zote unazoziendesha kwa jina lako, nje ya zile zilizofungiwa peke yake, zaweza kugusa maikrofoni wakati wowote. Kwa hiyo ifanye pale tu amri mbili za mwanzo zilipothibitisha kwamba yahitajika. Usiifanye kwa kubahatisha.

Sasa jaribu kunasa kwa sekunde 5, kisha usikilize:

arecord -d 5 -f S16_LE -r 48000 jaribio.wav
aplay jaribio.wav

Ukijisikia, milango ya chini yote iko wazi, na tatizo limo katika programu yako tu. Ruka uende mlango wa nne.

MLANGO WA TATU: MTUMISHI WA SAUTI

Faili likiwepo lakini ni kimya, mshuku mtumishi wa sauti. Amri hizi hufanya kazi kwa PulseAudio, na kwa PipeWire pia katika simu nyingi:

pactl list short sources
pactl info

Ya kwanza huorodhesha chemchemi za sauti. Jina linaloishia na neno monitor si maikrofoni. Hilo hunasa kile simu inachokipiga yenyewe, kama mwangwi wake. Katika jibu la amri ya pili tafuta mstari wa Default Source, yaani chemchemi inayotumika. Ikiwa ni ile ya monitor, hiyo ndiyo sababu ya kimya chako. Chagua jina la maikrofoni katika orodha na uliandike mahali pa neno JINA:

pactl set-default-source JINA

Kisha tazama kama maikrofoni imenyamazishwa:

pactl get-source-mute @DEFAULT_SOURCE@

Jibu likiwa Mute: yes, imenyamazishwa. Ifungue na uiongezee nguvu:

pactl set-source-mute @DEFAULT_SOURCE@ 0
pactl set-source-volume @DEFAULT_SOURCE@ 80%

Usiweke neno sudo mbele ya amri za pactl. Mtumishi wa sauti ni wako wewe mwenye simu, si wa msimamizi mkuu wa mfumo. Ukimwita kwa jina la msimamizi, mara nyingi utajibiwa kwamba mawasiliano yamekataliwa, nawe utadhani ni kosa la ruhusa jipya.

Jambo moja zaidi: simu ina njia mbili za sauti, ya mazungumzo ya simu na ya mambo mengine. Simu ikipigwa katikati ya kunasa, njia hubadilishwa, na huenda isirudi sawasawa. Dawa yake ni kuzima na kuwasha simu. Kinga yake ni kuiweka katika hali ya ndege kabla ya kuanza mazungumzo na mzee.

MLANGO WA NNE: PROGRAMU YENYEWE

Hapa mifumo hutofautiana.

Katika Ubuntu Touch, kila programu imefungiwa katika chumba chake, na mara ya kwanza inapotaka maikrofoni hukuuliza. Ukijibu hapana, kwa haraka au kwa kutosoma, jibu hilo linahifadhiwa na hutaulizwa tena. Fungua Mipangilio ya mfumo, ingia sehemu ya Usalama na Faragha, kisha ruhusa za programu, kisha Maikrofoni. Utaona majina ya programu zilizowahi kuomba, na hapo utairuhusu ile unayoitaka.

Katika Mobian na postmarketOS, programu iliyowekwa kwa njia ya kawaida ya mfumo haina kizuizi cha peke yake. Lakini iliyowekwa kwa njia ya Flatpak inacho. Mfano ni programu ya GNOME ya kunasia sauti, ambayo jina lake katika Flatpak ni org.gnome.SoundRecorder. Kuona ruhusa zake andika:

flatpak info --show-permissions org.gnome.SoundRecorder

Katika mstari wa sockets lazima uwemo pulseaudio. Ikiwa haumo, mpe programu hiyo, na hiyo peke yake:

flatpak override --user --socket=pulseaudio org.gnome.SoundRecorder

Ukitaka kurudisha mambo yalivyokuwa:

flatpak override --user --reset org.gnome.SoundRecorder

Asiyependa kuandika amri aweza kutumia programu iitwayo Flatseal, ambayo huonyesha ruhusa hizo kama swichi za kuwasha na kuzima. Lakini jueni kwamba ruhusa hii ya pulseaudio hufungua mdomo na sikio kwa pamoja. Programu iliyoruhusiwa kupiga sauti kwa njia hiyo imeruhusiwa pia kusikiliza. Kwa hiyo usiitoe kwa programu usiyoijua.

Ikiwa unanasa kwa kupitia kivinjari cha intaneti, ruhusa hutolewa kwa kila tovuti mbalimbali, na kivinjari hakikubali kuitoa ila kwa tovuti ambayo anwani yake huanza na https. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani, utazame kama maikrofoni imekataliwa.

MAMBO YASIYOFAA KUFANYWA

Mtu aliyechoka hutafuta njia ya mkato, na kwa jambo hili njia za mkato ni mbili, zote mbaya.

Ya kwanza ni kuendesha programu ya kunasia kwa uwezo wa msimamizi, yaani kwa sudo. Mara nyingi haimpati mtumishi wa sauti. Na ikifanikiwa, mafaili yanakuwa mali ya msimamizi, nawe utashindwa kuyahamisha au kuyafuta. Zaidi ya hayo, umeipa programu ya kunasia uwezo wa kufanya lolote katika simu yako.

Ya pili ni amri ya chmod 777 juu ya vyombo vya sauti vilivyo katika /dev/snd. Hiyo ni kumruhusu kila mtumiaji na kila huduma ndani ya simu kukusikiliza. Na hata faida yake haidumu, kwani vyombo hivyo huundwa upya kila simu inapowashwa.

Mkulima aliyepoteza ufunguo wa ghala hang'oi mlango akauacha wazi usiku kucha. Maikrofoni ni mlango wa namna hiyo. Ikisikia kwa ajili yako, yaweza kusikia kwa ajili ya mwingine, nayo husikia mambo ya nyumbani kwako, bei unazokubaliana na wateja, na siri za wageni wako.

KABLA YA KUKAA NA MZEE

Sasa tumwambie kijana wetu wa Mwanza mambo machache ya huko aliko.

Kwanza, ajaribu jioni ya kabla, si mbele ya mzee. Anase dakika moja, asikilize kwa masikio yake mwenyewe. Ukubwa wa faili si ushahidi. Kwa namna ya kunasa tuliyoionyesha, dakika moja huchukua megabaiti 5.8 hivi na saa moja megabaiti 346 hivi, ikiwa mna maneno ndani au ni kimya kitupu. Gunia laweza kuwa na uzito wake kamili nalo limejaa vikonyo. Kusikiliza ndiko kulifungua.

Pili, ahakikishe simu ina nafasi na betri ya kutosha kwa muda mara mbili ya ule anaoukusudia. Mzee hakatizwi maneno kwa sababu ya betri.

Tatu, achague mahali na saa. Kando ya ziwa, jua likipanda upepo hutoka majini kuja nchi kavu, na maikrofoni ndogo ya simu hugeuza upepo huo kuwa ngurumo. Asubuhi huwa kumetulia zaidi. Penye shughuli kama Mwaloni wa Kirumba, ambako dagaa hushushwa na kuuzwa, pana injini za mitumbwi na kelele za soko. Hapo si mahali pa kumhoji mtu mzima kwa utulivu. Ni bora nyumbani kwake, ndani, mbali na bati linaloweza kupigwa na mvua. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mzee kiasi cha shibiri mbili hivi, wala isishikwe mkononi.

Nne, amsalimu mzee kwa adabu ya kwao. Asubuhi Wasukuma husema "mwangaluka", na salamu hiyo isemwe na kuitikiwa kabla simu haijatoka mfukoni. Kisha amwombe aseme jina lake na la kijiji chake, asimamishe kunasa, asikilize maneno hayo machache, na akiyasikia vizuri ndipo aanze. Hiyo ni nusu dakika, nayo huokoa saa nzima. Mzee akipenda kusema Kisukuma, aachwe aseme Kisukuma. Mfasiri atapatikana baadaye.

Tano, akimaliza afanye nakala mbili kabla ya kulala, moja nje ya simu. Faili liitwe kwa tarehe, mahali na habari yake, wala lisiitwe "jaribio".

RUHUSA YA MWENYE SAUTI

Tumesema habari za ruhusa ambazo simu huwapa watumiaji na programu. Iko ruhusa nyingine isiyofunguliwa kwa amri yoyote, nayo ni ya yule anayenaswa. Mzee aambiwe wazi kwamba sauti yake inanaswa, ni kwa kazi gani, na ni nani watakaoisikiliza. Aambiwe pia kwamba aweza kusema "hili liache", na likaachwa. Akikubali, kukubali kwake kunaswe mwanzoni mwa faili.

Hii ni adabu, na Tanzania ina sheria inayohusu jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti ya mtu pamoja na jina lake ni katika mambo yanayomtambulisha. Chama kikitaka kuwagawia wanachama maneno ya mzee wa Mwanza, hakina budi kwanza kuwa na idhini yake.

MUHTASARI WA KUKATA NA KUTUNZA

1. Swichi imewashwa? Tundu ni safi? Visikizio vimechomolewa?
2. Linganisha cat /proc/asound/cards na arecord -l. Zikitofautiana, tazama kundi la audio.
3. Tumia pactl kutazama chemchemi inayotumika na kama imenyamazishwa.
4. Ruhusu programu moja tu unayoihitaji.
5. Nasa sekunde 5 na usikilize baada ya kila badiliko.
6. Pata kukubali kwa mwenye sauti kabla ya yote.

Mwanachama ambaye simu yake itakataa hata baada ya hatua hizi na atuletee majibu ya amri za mlango wa pili na wa tatu kama yalivyoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno. Kutoka hapo tutaweza kumwambia mlango upi umefungwa. Na maneno ya wazee wa pamba yatakapofika kutoka Mwanza, kwa idhini yao, tutayasikiliza pamoja katika mkutano wa wanachama.